Chumvi ya Nyendo

Mihayo ametandaza ramani juu ya boneti,
kaibana pembe nne: spana, tochi,
kopo la majani ya chai, kiatu changu.
Nasimama kwa mguu mmoja.
Tuko Nyendo, Masaka, gereji ya Lutaaya,
siku ya tatu tangu tuvuke Mutukula,
na nyumba yetu ina bawaba moja tu mlangoni.

Nyumba yetu zamani ilibeba wagonjwa.
Tuliinunua mnadani, king'ora kimeng'olewa,
msalaba mwekundu umepakwa rangi ya maziwa,
lakini jua likiwa kali bado unachungulia.
Ndoano niliyotundikia dripu miaka kumi na tisa
sasa inaning'iniza birika na taulo.
Kitanda kinakunjwa. Jiko la gesi, plati mbili, moja haiwaki.
Choo, tusikizungumzie.

Miaka thelathini mume wangu kapima viwanja vya watu,
akapigilia vigingi kwenye kona zao.
Leo ana nyumba isiyo na kiwanja
na anacheka peke yake kama aliyezidishiwa chenji.
"Kupanga ni kuchagua," ananiambia,
naye hachagui, anataka vyote:
Lyantonde, dizeli. Sanga, kulala, pundamilia.
Mbarara, maziwa. Ishaka, kujaza tangi la maji.
Katunguru, viboko, tusipike nje usiku.
Kisha Kasese, na mlima wenye theluji
ambao hatutaupanda; magoti yamekwisha kupiga kura.

Mimi nina orodha yangu nyuma ya bahasha ya bima:
vidonge vya presha, vyake na vyangu, visichanganywe.
Neti. Uzi. Noti ndogondogo za kununulia gonja njiani.
Jina la kila hospitali yenye daktari usiku.
Hilo sijamwonyesha.

Asubuhi chumvi ilituishia mayai yakiwa kikaangoni.
Nikaenda nyuma ya gereji kwa mama yake Lutaaya,
Nnalongo, mama wa mapacha,
nikasema kama tusemavyo kwetu Tabora:
"Hodi, mama. Naomba chumvi kidogo."
Mkono wake ukasimama juu ya sufuria.
Akatazama miguu yangu. Ndala.
Akatazama tena,
kama anayehakikisha kuwa ndala ni ndala.

Kiswahili, alikuja kuniambia baadaye,
kwake kilikuwa kikiingia na buti:
fungua, lala chini, toa, yuko wapi mumeo.
Alijua hayo manne, hakuwahi kutaka la tano.
"Kumbe," akasema, akinimiminia chumvi kiganjani,
"kumbe kinajua na kuomba."

Sikuwa na jibu. Nilisema webale, nikakosea.
Akanisahihisha. Nikakosea tena.
Mayai yaliungua, tukayala hivyo hivyo,
yeye, mimi, na Lutaaya mwenye miwani ya kuchomelea
kaisukuma hadi kwenye paji la uso.

Sasa ni jioni. Bawaba ya pili bado ina moto.
Mihayo anasema tukiruka ziwa Katwe
tutaokoa nusu siku:
"Kule kuna nini? Matope, na watu wanavuna chumvi."
Namwomba penseli.
Naandika kwa mwandiko wa chati za wodini:
*Katwe. Kusimama. Chumvi, kilo mbili,
ipelekwe Nyendo, mlango wa nyuma.*

Anakaa kimya. Mpima hapendi kupita mstari mmoja mara mbili;
njia yake ilikuwa ishukie Kabale, ikate Rwanda,
itutoe Rusumo bila kurudi tulikopita.
Anahesabu lita, siku, shilingi zao na zetu.
Anaguna.
Anaufuta ule mstari polepole, anapuliza vumbi la ufutio,
na Kabale inabaki na kovu jeupe.

"Haya," anasema.
Kiatu changu bado kiko juu ya Kenya.